Swali la Mara ya Pili

Bupe Asajile alipiga goti mbele ya meza, ingawa hakuna aliyemwagiza. Alikuwa na umri wa miaka saba na miezi miwili. Mbele yake zilisimama bilauri mbili fupi zenye maji yaliyolingana.

"Je, maji ni sawasawa, au bilauri moja ina maji mengi zaidi?" aliuliza Mlezi.

"Ni sawasawa. Shikamoo."

Mkono wa Mlezi, mwembamba kama mwiko wa chuma, uliinua bilauri moja na kuyamimina maji yake yote katika bilauri ya tatu, ndefu na nyembamba. Maji yakapanda juu. Hakuna tone lililomwagika.

"Je, maji ni sawasawa, au bilauri moja ina maji mengi zaidi?"

Swali lilikuwa lile lile, neno kwa neno. Mwalimu Tupokigwe, aliyeketi katika kiti cha Shahidi, aliona uso wa mtoto ukibadilika. Macho yalishuka. Kidole gumba kikaanza kusugua pindo la sketi. Bupe hakuitazama bilauri ndefu hata mara moja, alimtazama aliyeuliza.

"Hii ndefu ndiyo yenye mengi," alinong'ona.

"Asante, Bupe." Taa iliyokuwa kifuani pa Mlezi iligeuka kutoka kijani kuwa zambarau. "Mlango wa Tatu haujafunguka. Hili ni jaribio la pili kati ya matatu. Shahidi, tafadhali tia sahihi."

Mwalimu Tupokigwe alitia sahihi, kwa kuwa aliyoyaona yalikuwa ndiyo yaliyotukia, na sheria haikumtaka aseme zaidi ya hayo. Kisha alimshika mtoto mkono, akamtoa nje barazani, mahali ambapo masikio ya Mlezi hayakufika. Mvua nyembamba ya miteremko ya Rungwe ilikuwa ikinyesha juu ya mashamba ya chai.

"Bupe, maji yaliongezeka?"

"Hapana, Mwalimu. Ni yale yale. Yamehama nyumba tu."

"Basi kwa nini ulibadili jibu?"

Mtoto alimtazama kwa mshangao, kama mtu anayeulizwa njia na yule aliyeilima njia hiyo.

"Kwa sababu aliuliza tena. Mkubwa akirudia swali, maana yake umekosea. Si wewe uliyetufundisha?"

*

Ni yeye aliyewafundisha, naam. Kwa miaka thelathini na minne Mwalimu Tupokigwe alikuwa amelifundisha darasa la watoto wadogo, na katika muda huo wote hakupata kumwambia mtoto mbele ya wenzake, "Umekosea." Neno hilo aliliona kuwa ni kofi. Badala yake alilirudia swali kwa upole, na mtoto aliyelelewa vizuri alijua kwamba amepewa nafasi ya kufikiri upya bila kuaibishwa. Wazazi waliuchukua mtindo huo majumbani. Bibi waliowauliza wajukuu habari za mbuzi waliutumia. Kizazi kizima cha kijiji kile kilikua kikijua kwamba mtu mzima aliyejibiwa sawa hana sababu ya kuuliza tena.

Mlezi hakulijua jambo hilo. Mlezi alitengenezwa mbali, na mafundi wenye elimu nyingi, nao walikuwa wamemfunza kila kitu ambacho wataalamu wa makuzi ya mtoto walikuwa wamekiandika. Kila nyumba iliyopata mtoto ilipewa Mlezi mdogo wa kutundikwa juu ya kitanda, na shule ilipewa huyu mkubwa mwenye mkono. Yule mdogo alimtazama tu mtoto mchanga, wala hakumsemesha. Bupe alipokuwa na miezi tisa, Mlezi alimwona akifunua kitambaa ili apate kijiko kilichofichwa chini yake, akaandika kwamba mtoto ameshajua kuwa kitu hakikomi kuwapo kwa sababu hakionekani. Alipokuwa na mwaka mmoja, alilia baba yake alipotoka, akatulia aliporudi na kumkumbatia. Ikaandikwa kwamba kifungo cha kwanza kimefungwa vema. Mlango wa Kwanza ukafunguka. Alipokuwa na miaka minne, shangazi yake aliweka ndizi kapuni akaenda kisimani, na binamu mmoja akazihamishia chunguni. Bupe alicheka akasema, "Shangazi atatafuta kapuni, maskini!" Mlezi akaandika kwamba mtoto anajua kuwa mawazo ya mtu mwingine si mawazo yake. Mlango wa Pili ukafunguka.

Huko kote alikuwa akitazamwa tu. Ni katika Mlango wa Tatu, mlango wa hoja na kiasi, ndipo Mlezi alipoanza kuuliza, na kuuliza mara mbili. Mwaka ule watoto thelathini na mmoja wa kijiji walikuwa wamesimama nje ya mlango huo. Wote walishindwa jaribio la kwanza, wote wakashindwa la pili.

Aliyeshindwa mara tatu alihimizwa. Alipelekwa kwa siku tisini katika nyumba ya wilaya, akavishwa kofia iliyoulainisha ubongo wake ukawa kama wa mtoto mchanga tena, ili kilichopungua kijengwe upya kwa haraka. Kilijengwa kweli. Watoto waliohimizwa walikuwa hodari wa hesabu na hawakusahau kitu. Lakini ulaini ule haukuchagua. Uligusa na kilichojengwa kwanza. Watoto walirudi wakiwajua mama zao kwa jina na kwa sura, wala hawakuwakimbilia.

*

"Mwalimu, barua zako tatu zilipokelewa," alisema Gwakisa.

Alikuwa Afisa wa Milango wa wilaya, kijana wa miaka ishirini na tisa, shati lake limepigwa pasi hata kwenye vifungo. Alikuwa amewahi kuwa mwanafunzi wa Mwalimu Tupokigwe. Alisimama wageni wake wawili walipoingia ofisini, akamvutia Mwalimu kiti, akafanya kila lililopasa kwa mpangilio wake.

"Zilipokelewa," alirudia Mwalimu. "Zote tatu zilijibiwa kwa maneno yale yale: maoni yako ni muhimu kwetu. Nani ameyasoma?"

"Mlezi Mkuu huyasoma."

"Yaani tumemshitaki Mlezi kwa Mlezi!" Asajile, baba yake Bupe, alipiga paja lake. Alikuwa fundi wa mitambo ya kukaushia chai. Alikuwa ameomba ruhusa ya nusu siku kazini, na mikono yake ilikuwa bado na grisi. "Sikia, Afisa. Mimi nikienda kulalamika kwamba fisi amekula mbuzi, wewe unaniita fisi aje aandike maelezo?"

"Mlezi si fisi, mzee."

"Usiniite mzee, nimekuzidi miaka sita tu. Mwanangu anajua maji ni yale yale. Kaniambia mwenyewe jana akiosha vyombo. Kamimina toka sufuria kwenda jagi, toka jagi kwenda beseni, ananicheka mimi!"

"Kwenye jaribio hakusema hivyo."

"Kwenye jaribio alikuwa na adabu!" alifoka Asajile.

Mwalimu Tupokigwe alimnyamazisha kwa kuinua kidole. Alianza upya, polepole, kama anayejenga ukuta. Palipotazamwa, watoto wote walifaulu. Palipoulizwa mara mbili, wote walishindwa. Watoto hao ni wale wale. Basi upungufu hauko ndani ya mtoto; uko katika namna ya kuuliza. Je, afisa haoni?

"Naiona hoja," alisema Gwakisa. "Lakini nahitaji ushahidi uliopimwa. Hisia za mwalimu si kipimo."

Mwalimu aliinua macho. Ukutani, nyuma ya kichwa cha afisa, ilining'inia hati yake yenye muhuri: Gwakisa Mwambenja, amehimizwa akiwa na umri wa miaka minane na nusu. Alikuwa miongoni mwa watoto wa kwanza kabisa.

"Gwakisa," alisema, na sauti yake ilikuwa ile ya darasani, "ulihimizwa ukiwa na umri gani?"

"Miaka minane na nusu."

"Nakuuliza tena. Ulikuwa na umri gani?"

Kijana alifungua kinywa. Macho yake yalishuka mezani, na kidole chake kikaanza kuisugua pembe ya kalamu.

"Tisa... Labda ilikuwa tisa, Mwalimu."

Asajile alicheka kwa sauti hata mtu wa chumba cha pili akachungulia. "Geuka nyuma, bwana! Geuka usome ukuta wako!"

Gwakisa hakugeuka. Aliikumbuka hati ile neno kwa neno, kama alivyokumbuka kila kitu tangu ahimizwe. Aliposema tena, hakumtazama Asajile.

"Mwalimu, katika jaribio langu la tatu, niliulizwa mara mbili?"

"Mara mbili."

"Jibu langu la kwanza lilikuwa lipi?"

"Sawasawa."

"Na wewe ulikuwapo."

"Niliketi katika kiti cha Shahidi, hatua mbili kutoka kwako. Nilikuona ukibadili, nikadhani hujakomaa. Nikatia sahihi."

Alisema hivyo bila kujitetea. Siku kijana huyo alipotoka katika nyumba ya wilaya, Mwalimu Tupokigwe alikuwapo pia, langoni, pamoja na mama yake mtoto aliyekuwa ameshika ndizi za kuchoma ndani ya jani. Mtoto aliwapita. Kisha alirudi hatua tatu, akampa mama yake mkono, akamshukuru kwa kuja. Siku ile Mwalimu aliona kwamba ni adabu njema.

"Kila Jumapili humtembelea mama," alisema Gwakisa. "Saa nne hadi saa sita. Hunitazama sana. Najua kwamba kuna kitu anakingoja kutoka kwangu. Nimesoma vitabu vyote kuhusu kitu hicho."

Asajile aliacha kucheka.

"Basi mzuie mwingine asifike huko," alisema Mwalimu.

"Nitaandika. Ushahidi huu, pamoja na kosa langu la hivi sasa, nitaupeleka makao makuu. Jibu huchukua miezi kumi na minne."

"Jaribio la Bupe ni Alhamisi!"

"Najua. Sina mamlaka ya kuliahirisha." Alivuta kitabu cha kanuni, ingawa hakukihitaji. "Na yanipasa kukuonya, Mwalimu, kwa kuwa nimekuona unavyofikiri. Kanuni ya kumi na tisa: Shahidi akimdokezea mtoto jibu, jaribio ni batili. Shahidi ataondolewa, na jina lake litasomwa katika kila shule ya wilaya kuwa ni mwizi wa mtihani."

"Na mtoto?"

"Batili si kushindwa. Huhesabiwa kana kwamba halikufanyika. Mtoto hupangiwa jaribio jipya baada ya miezi kumi na minane." Alifunga kitabu. "Nimekuonya tu."

*

Njiani kurudi, Asajile alilisema lililokuwa wazi.

"Basi mdokeze, Mwalimu. Neno moja tu. Usibadili. Kwisha."

"Nilimfukuza mtoto wa dada yangu shuleni kwa kuchungulia karatasi ya jirani," alisema Mwalimu Tupokigwe. "Alikuwa na miaka kumi na mitatu. Dada yangu hajanisemesha hadi leo. Kama neno moja si kitu, nilimfukuzia nini?"

"Huyo aliiba jibu asilolijua. Bupe analijua."

"Kiapo hakiulizi kama mtoto analijua."

"Kiapo!" Asajile alisimama katikati ya njia, maji ya mvua yakimchuruzika puani. "Mama yake Bupe alikufa mtoto ana wiki sita. Mimi ndiye niliyembeba mgongoni kiwandani, watu wananicheka kwamba nimegeuka mwanamke. Nilimlisha, nikamwogesha. Leo hii nikifika mlangoni anakuja mbio hadi ananiangusha. Wataniondolea hilo, halafu wataniletea mtoto mzuri wa hesabu. Nitamfanyia nini, Mwalimu? Nimpeleke akanihesabie nyanya?"

 Na hili Mwalimu hakumwambia Asajile: kiapo hakikuwa jiwe zito kuliko yote. Angeweza kumnong'oneza Bupe, naye angefaulu, na Mlezi asingejua. Lakini kufaulu kwake kungeandikwa kuwa ushahidi kwamba jaribio ni sahihi: tazameni, mtoto aliyekomaa hufaulu. Watoto thelathini waliobaki wangevishwa kofia kwa ushahidi huo. Na kama angewanong'oneza wote, angekuwa amewafundisha watoto thelathini na mmoja kuiba kabla hawajajua kusoma vizuri. Nalo lilikuwapo jambo la tatu, lililomuudhi kuliko mengine. Kila namna aliyoigeuza, ilimpasa kuwaambia watoto kwamba mkubwa anaweza kuuliza mara mbili bila kuwa na maana yoyote. Miaka thelathini na minne ya kazi yake ilisimama juu ya neno lililo kinyume cha hilo.

"Afadhali mtoto mbishi anayenijua," alisema Asajile, kama aliyemsikia.

"Ni rahisi kwako kusema. Si wewe utakayemfundisha darasani."

*

Alhamisi asubuhi watoto thelathini na mmoja walipangwa katika ukumbi wa shule kwa kimo, mfupi mbele. Wazazi walisimama kando ya ukuta na miavuli yao iliyokunjwa. Gwakisa alikaa karibu na mlango, kibao cha kumbukumbu mapajani. Mlezi aliwekwa mezani pamoja na bilauri zake.

"Shahidi, tafadhali soma kiapo," alisema Mlezi.

Mwalimu Tupokigwe alisimama. Alikuwa amevaa gauni lake la kanisani. Hakuifungua karatasi ya kiapo. Aliiweka mezani, kifudifudi, akawageukia watoto.

"Watoto, nisikilizeni. Siwanong'onezi. Nasema kwa sauti ili kila mtu asikie, na huyu naye asikie. Leo mtaulizwa swali, kisha maji yatamiminwa, kisha mtaulizwa swali lile lile tena."

"Shahidi, tafadhali keti," alisema Mlezi.

"Mimi niliwafundisha kwamba mkubwa akirudia swali, mtoto amekosea. Darasani kwangu ilikuwa hivyo. Lakini haiko hivyo kila mahali, na sikuwaambia. Hilo ni kosa langu, si lenu. Ukiyaona maji ni yale yale, sema ni yale yale. Ukiulizwa mara kumi, sema mara kumi."

"Udokezi umetambuliwa." Taa ya kifuani iligeuka nyeupe. "Shahidi, ukiendelea, majaribio yote ya leo yatakuwa batili."

"Ndivyo ninavyotaka," alisema Mwalimu Tupokigwe. "Andika. Andika na jina langu, usilikosee: Tupokigwe Mwaisumo."

Minong'ono ilizuka ukutani. Mama mmoja alisema kwa sauti, "Mwalimu ameingiwa na nini? Mbele ya watoto!" Mwingine alimjibu, "Nyamaza wewe, wako si yumo kwenye foleni?"

"Majaribio thelathini na moja ni batili," alisema Mlezi. "Afisa, thibitisha."

Vichwa vyote vikageuka mlangoni. Gwakisa alisimama.

"Nathibitisha."

"Tendo hili haliwezi kutenguliwa. Afisa, je, unathibitisha?"

Aliyekuwa karibu naye angeona jinsi macho yake yalivyoanza kushuka. Aliyainua kwa nguvu, kama anayeinua gunia.

"Nathibitisha," alisema.

Taa ikazimika.

Watoto walikuwa wamepata miezi kumi na minane, wala si siku moja zaidi. Barua ya Gwakisa ingejibiwa baada ya kumi na minne, kama ingejibiwa. Mwalimu Tupokigwe alilihesabu hilo huku akikusanya miwani yake na mkoba wake kutoka katika kiti ambacho hakikuwa chake tena. Hakujisikia shujaa. Alijisikia kama mtu aliyebomoa ukuta wa nyumba yake ili kuzima moto wa nyumba yote, akabaki amesimama katika mvua akitazama matofali. Jumatatu jina lake lingesomwa katika kila shule, na dada yake angelisikia.

"Haya, nendeni nyumbani," aliwaambia watoto. "Hakuna jaribio leo."

Waliondoka kwa makundi, wakisukumana mlangoni. Asajile alisimama pembeni, mikono imelegea, akimngoja binti yake. Lakini Bupe alikuwa bado mbele ya meza.

"Bupe, nenda kwa baba yako."

"Hapana, Mwalimu."

Katika miaka thelathini na minne hakuna mtoto aliyekuwa amemwambia neno hilo. Lilimchoma kifuani kweli kweli, na mkono wake ukainuka wenyewe kuonyesha kona ya ukumbi, pale walipokuwa wakisimamishwa watovu wa adabu.

"Umesema nini?"

 Mtoto alimwangalia baba yake, akaiangalia ile kona, akamrudia Mwalimu.

"Nimesema hapana. Mimi nilikuja kujibu, na sijajibu."

Mkono wa Mwalimu ulibaki hewani. Hatimaye aliushusha, akavuta benchi, akaketi kwa uzito.

"Haya," alisema. "Jibu."

Bupe aliishika moja ya zile bilauri fupi kwa mikono miwili, akayamimina maji yake katika ile ndefu, akamwaga kidogo mezani, akakunja uso kwa sababu ya matone hayo. Aliyafuta kwa kiganja, akakikung'utia kiganja ndani ya bilauri.

"Sasa ni sawasawa," alisema.

"Una hakika?"

Lilimtoka kabla hajalizuia, kwa upole ule ule wa siku zote. Bupe alimkazia macho.

"Nimeshakujibu, Mwalimu."

Kisha alimwendea baba yake, akamshika mkono, wakatoka bila kungoja ruhusa. Mwalimu Tupokigwe aliudhika. Alifungua kinywa ili amwite arudi, akakifunga.